Foleni ya Mama Wakwe

Siku aliyopendekeza jina la mkwe wake, Phelista alilitaja kwa sauti ya mtu anayetoa ng'ombe wa maziwa kwenye harambee ya kanisa.

Walikuwa wameketi mjini Kitale, katika ofisi ya shirika moja lililopanga chumba juu ya duka la mbegu na mbolea. Wahudumu wa afya ya jamii walikuwa saba, wote wanawake, kila mmoja na kijiji chake. Msimamizi wa mradi, mwanamke aitwaye Wangu, alikuwa na shida moja. Mara mbili alikuwa amepeleka wapimaji Chwele, kwao Phelista, kuwapima akina mama saratani ya matiti bila malipo, na mara mbili wapimaji walirudi wakiwa wamepima watu tisa.

"Hawatujui," Wangu alisema. "Safari hii nataka mtu wa kwenu. Mtu wanayemwamini."

"Tuko naye," Phelista akajibu. "Bramwel Wanyonyi. Ni klinikal ofisa, tabibu kamili, na mambo ya saratani ameyasomea. Tena ni mtoto wetu. Ameoa kwangu."

Wenzake walipiga makofi. Wangu aliandika jina, akaliwekea mstari chini.

Phelista hakuwa mjinga wa desturi. Kwa Wabukusu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Lakini mpango wa Wangu ulikuwa na watu wawili. Muuguzi wa kike aitwaye Jelagat ndiye angewapima akina mama kwa mikono yake. Bramwel angekaa chumba cha nyuma akiandika barua za rufaa. Kati yao kungekuwa na ukuta, na jina zuri la familia lingekuwa limeandikwa kwenye tangazo la kanisa. Phelista alishuka ngazi akijiona mrefu.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kumngoja Jelagat, na hiyo hakuitaja kwa mtu.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alisoma hadi darasa la nane, akaolewa na Hesbon, ambaye kwa sasa alikuwa bawabu wa ghala la mahindi Kitale na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameuza vitunguu soko la Chwele, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa mhudumu wa afya, akitembea nyumba kwa nyumba na begi la bluu lililofifia. Shirika lilipomfundisha habari za matiti, aliacha picha walizompa na kutengeneza somo lake mwenyewe. Alichukua sponji la kuogea, akalipasua, akaingiza ndani punje ya mahindi, punje ya haragwe na njugu mawe moja, kisha akalishona. "Tafuteni," aliwaambia akina mama baada ya ibada. Walibonyeza, wakacheka, wakabonyeza tena. "Hii ya mahindi umeipata? Basi tusingoje ifike njugu mawe."

Yeye ya kwake alikuwa ameipata ikiwa imeshafika njugu mawe. Ilikuwa Jumapili, katika bafu la mabati nyuma ya nyumba, sabuni mkononi. Titi la kulia, upande wa kwapani. Alibonyeza mara tatu, kwa vidole vitatu, jinsi alivyowafundisha wengine. Kisha akajimwagia maji, akavaa, akaenda kanisani kufundisha.

Hiyo ilikuwa wiki saba kabla ya siku ya kupimwa.

Mama yake mzazi alikufa na titi lililooza. Mwaka mzima alijifunga leso mbili kifuani, na watoto walikatazwa kuingia chumbani. Siku ya mazishi, kasisi alisoma kwamba marehemu aliugua kifua kwa muda mrefu. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyesema kweli. Familia ilitoka makaburini na heshima yake.

Miaka mingi baadaye Ivy, binti wa Phelista, akaposwa. Jentrix, mama yake Bramwel, hakuwa mtu wa kumwozesha mtoto gizani. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane mwenye nyumba ya mawe nje kidogo ya mji wa Bungoma, na aliketi kwenye kiti kama mtu anayesahihisha mitihani. Kabla ya ng'ombe wa mahari kutembea, alituma wazee wawili kuuliza mambo yanayoulizwa: je, ukoo huu una kifafa? Una wendawazimu? Una ugonjwa wa damu? Wakajibiwa hakuna. Phelista alikuwa jikoni akiwapikia wazee hao kuku, na alilisikia neno hilo "hakuna" likitoka kinywani mwa mumewe, ambaye naye alijua tu lile lililosomwa makaburini.

Sasa Ivy alikuwa na mtoto wa miezi minane kwa watu wale. Phelista akisema ana uvimbe, neno la kwanza la Jentrix lingekuwa lipi? Kwamba walidanganywa. Kwamba mjukuu wake amechanganywa damu. Na hata kama angenyamaza, matibabu yangelipwa na nani? Kwenye bima ya serikali alikuwa amejisajili kwa simu, lakini mchango wa mwaka mzima uliotakiwa kwa mkupuo hakuwa nao. Kwa hiyo aliamua hivi: Jelagat ni mgeni, hamjui mtu Chwele. Wenzake wakishapimwa wote, yeye ataingia wa mwisho kama mtu anayefunga madirisha. Akiambiwa si kitu, hakuna aliyejua. Akiambiwa ni kitu, atajua la kufanya peke yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Ukumbi wa kanisa uko hatua chache kutoka mahali ng'ombe wanapouzwa, na kelele za madalali ziliingia madirishani. Saa tatu asubuhi wanawake walikuwa arobaini na watatu kwenye mabenchi. Wangu hakuamini macho yake.

"Phelista, wewe umewalipa?"

"Niliwaambia tu daktari ni mtoto wetu," Phelista alisema, na ni kweli.

Bramwel alikuwa ameingia mapema kwa mlango wa nyuma, jinsi mkwe mwenye adabu anavyoingia mahali ambapo mama mkwe wake yupo. Phelista alisikia tu kiti kikivutwa upande wa pili wa ukuta.

Saa tatu na nusu simu ya Wangu ililia. Alisikiliza, akajishika kichwa. Gari lililokuwa likimleta Jelagat kutoka Endebess lilikuwa limekwama kwenye matope tangu alfajiri, na trekta la kulivuta lilikuwa bado halijafika.

"Basi hakuna neno," Wangu alitangaza kwa sauti ya kuchangamka. "Muuguzi amechelewa, lakini hatutawapotezea siku. Daktari Wanyonyi yuko hapa. Atawapima nyote yeye mwenyewe!"

Kwenye mabenchi akina mama walitazamana, mikono ikienda kwenye vikapu.

Wangu ni Mkikuyu, wa jamii ya kina Gichuki na Ngige, watu waliokuja Trans-Nzoia zamani kulima na kufanya biashara. Kiswahili alijua, takwimu alijua. Kilichopita kwenye mabenchi yale mbele ya macho yake hakukijua.

Mama wa kwanza aliinuka, akasema ameacha kuku juani wamefungwa miguu. Wa pili alikumbuka maharagwe motoni. Wengine watatu wakaondoka pamoja. Mama Wakoli, mke wa shemejiye Phelista, alimkaribia akamnong'oneza huku akitazama pembeni.

"Phelista, hii ni nini umetufanyia?"

"Muuguzi anakuja."

"Anakuja lini? Huyo kijana ameoa kwetu. Mimi ni mama yake sawa na wewe. Nimvulie blauzi? Mimi?"

Hapo ndipo Phelista alipohesabu. Kwa desturi, mume wa Ivy si mkwe wa mama mmoja. Dada wote wa Phelista ni mama wakwe zake. Wake wote wa ndugu za Hesbon ni mama wakwe zake. Binamu zao vilevile. Ukumbi ulikuwa umejaa kwa sababu aliwaita watu wake, na watu wake ndio pekee ambao Bramwel hakuweza kuwagusa. Alitazama benchi moja baada ya jingine, akaongeza waliokwisha kutoka. Kumi na tisa. Alikuwa amewaalika mama wakwe kumi na tisa kwa mkwe mmoja.

"Wanaogopa nini?" Wangu aliuliza. "Haina hata uchungu! Phelista, waambie."

Phelista angesema nini? Kwamba kosa ni lake, kwamba alitaka sifa?

Rosaline, muuza viazi kutoka pande za Kitale, aliyekuja sokoni siku za soko tu, alikuwa ameketi benchi la nyuma akila ndizi. Ulimi wake ulijulikana kuliko viazi vyake.

"Ati wanaogopa?" alisema. "Si waseme ukweli. Huyu Phelista ametuuzia hii kitu kama vitunguu, kila siku sponji, sponji. Na yeye mwenyewe hajawahi kuonja. Umepimwa, Phelista? Hebu sema hapa mbele ya watu. Umewahi kupimwa?"

Vicheko viwili vitatu vilisikika, kisha vikakatika. Watu walitaka kusikia jibu.

"Nitapimwa," Phelista alisema.

"Lini? Yesu akirudi?"

Wangu alichukulia mzaha huo kama zawadi. Alimshika Phelista mkono. "Ni kweli anachosema. Wewe ndiye mwalimu wao. Ingia wa kwanza, wakuone. Wakikuona umetoka salama, wataingia."

"Mimi nitaingia mwisho."

"Hapana, sasa. Wanaondoka, huoni?" Na akamwongoza, kwa nguvu za mtu anayeokoa mradi, mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akausukuma. "Daktari, huyu hapa mgonjwa wako wa kwanza. Phelista!"

Phelista aliona kitanda kilichofunikwa shuka nyeupe, na ukingo wa koti jeupe. Akageuza uso ukutani. Ndani kulisikika kiti kikianguka, hatua za haraka, na mlango wa nje ukifungwa kwa kishindo.

Wangu alichungulia ndani. "Daktari amekimbia?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Akina mama waliokuwa mlangoni wakitoka walirudi kusikia. "Mwache akimbie!" mmoja alipaza sauti. "Huyo amelelewa vizuri!" Lakini Phelista hakucheka. Alibaki amesimama uso ukutani, mkono wa kushoto umebana kwapa la kulia, na Mama Wakoli, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, aliuona mkono ule. Kicheko kikamwisha Mama Wakoli kabla ya wengine.

Simu ya Phelista ikatetemeka kwenye begi la bluu. Ilikuwa ni Bramwel. Desturi ilitungwa kabla ya simu, na familia nyingi zimekubaliana kimyakimya kwamba sauti si mtu. Phelista alitoka nje, akazunguka ukumbi mpaka kwenye tangi la maji. Alijua kijana yuko upande wa pili wa tangi. Viatu vyake vilionekana chini, vyeusi, vimepigwa rangi.

"Mama, nisamehe," Bramwel alisema simuni, na sauti yake ikasikika mara mbili, kwenye simu na nyuma ya tangi. "Sikujua wangefanya hivyo."

"Ni mimi sikufikiri, baba. Ni makosa yangu."

"Ni wangapi mle ndani ambao ni mama zangu?"

"Kumi na tisa."

"Hao sitawapima. Wengine ishirini na wanne nitawapima vizuri. Hao kumi na tisa tutawatafutia njia." Akashusha sauti. "Na wewe, Mama? Wewe uko sawa?"

Ng'ombe alilia huko sokoni. Mtu alipita na mkokoteni wa kabichi. Phelista alitazama viatu vile. Wiki saba alikuwa amejiandaa kusema uongo kwa mtu yeyote atakayeuliza, na hakuna aliyeuliza. Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa yule wa mwisho anayepaswa kujua.

"Niko na kitu," alisema.

"Upande gani?"

"Wa kulia. Karibu na kwapa."

"Ukubwa?"

"Njugu mawe."

Bramwel alijua mifano ya sponji. Hakuuliza maana yake. "Ukikisukuma kinatembea?"

"Hakitembei."

Viatu vilisogea hatua moja, vikarudi. Alipozungumza tena hakuwa mkwe, alikuwa daktari, na hilo ndilo lililomtisha Phelista kuliko yote. "Ni tangu lini?"

"Wiki saba."

"Mama. Leo. Si kesho, si baada ya soko. Leo."

"Usimwambie Ivy."

"Ivy ni mke wangu. Nikinyamaza leo, kesho ataniamini vipi?"

"Basi mama yako. Walituuliza kama kuna ugonjwa kwenye damu tukasema hakuna. Mama yangu mimi alikufa na hii hii. Nilijua nikanyamaza. Ukimwambia mama yako, mtoto wangu ataishi vipi kwenye ile nyumba?"

"Hilo la mama yangu ni lako kusema," Bramwel alijibu. "Mimi sitalisema. Lakini kupimwa, usiponipa jibu sasa hivi, nitatoka nyuma ya hili tangi, desturi au si desturi."

Phelista aliona viatu vikigeuka kumwelekea. "Kaa hapo hapo!" alisema kwa ukali, na machozi yakamtoka. "Nitaenda. Kaa hapo."

Bramwel alimpigia Wangu, akamweleza kwa dakika mbili kile ambacho hakuna mwanamke mle ndani angemweleza. Wangu alisikiliza mkono mdomoni. Kisha akampigia Jelagat. Trekta lilikuwa limefika; gari limetoka matopeni. Asije Chwele tena. Aende moja kwa moja Kitale, kwenye kliniki ambayo shirika lilikuwa na mkataba nayo, asubiri. Gari la mradi lingewapeleka akina mama huko, kwa safari mbili.

"Lakini wako wapi hao akina mama?" Wangu aliuliza akiwa amerudi ukumbini. "Nitawajuaje? Nani atakubali kwenda Kitale?"

Phelista alisimama mbele. Vicheko vilikuwa vimeisha. "Wote ambao Bramwel ni mkwe wao," alisema, "wasimame hapa, upande wa dirisha. Gari litatupeleka kwa mwanamke mwenzetu."

Hakuna aliyesogea. Kusimama pale ilikuwa ni kusema: mimi nimekuja kutafuta kitu mwilini. Kukaa ilikuwa ni kusema umepita tu kusalimia. Benchi zima lilitazama sakafu.

"Mwalimu mwenyewe anaenda?" Rosaline aliuliza, lakini safari hii hakuwa na mzaha.

Phelista alitembea mpaka dirishani. "Mimi ndio wa kwanza," alisema. "Na siendi kuwaonyesha mfano. Niko na uvimbe. Wiki saba nimewafundisha nikiwa nao. Mama yangu mnamkumbuka. Mlikula kwenye mazishi yake. Haikuwa kifua."

Alisikia mtu akisema "Woi!" taratibu. Hilo neno, lililofichwa miaka thelathini, lilikuwa limetoka na halingerudi. Kabla ya jua kuzama lingekuwa limevuka soko, na kesho lingefika Bungoma. Aliona nyuso za shemeji zake. Alingoja mmoja wao achukue kikapu aondoke.

Mama Wakoli ndiye aliyeinuka. Alikuja akasimama kando yake, bega kwa bega, bila kumtazama. Kisha dada mdogo wa Phelista. Kisha wawili. Mwishowe walikuwa kumi na saba. Wawili walikuwa wamekwenda kweli kwenye kuku na maharagwe yao, na wakaitwa kwa simu.

"Basi mimi na daktari tubaki," Rosaline alisema akifuta mikono yake. "Mimi huku sina mkwe, labda viazi vyangu vioe. Mwiteni huyo kijana arudi. Mwambieni hapa hakuna mama yake, kuna mama wa viazi tu."

Jelagat alikuwa na matope mpaka magotini alipowapokea Kitale. Alinawa mikono muda mrefu. Phelista alilala kwenye kitanda akitazama dari, akahesabu vidole vya muuguzi vikizunguka kama yeye alivyowafundisha wengine, kutoka nje kuja ndani, na akajua ni wakati gani hasa vilipofika. Vilisimama. Vikarudi. Vikasimama tena. Jelagat hakusema "si kitu." Alisema, "Tutapiga picha, halafu tutachukua kipande kidogo kwa sindano. Utasikia kama kubanwa." Kati ya wale kumi na tisa, wengine wawili nao walipigwa picha. Wao waliambiwa ni mafuta tu, warudi baada ya miezi sita.

Majibu yalichukua siku kumi na nne. Katika siku hizo Phelista alienda sokoni kila asubuhi. Wateja wengine walinunua vitunguu kwingine. Wengine walinunua zaidi ya mahitaji yao, na hilo lilimuuma kuliko lile la kwanza. Ivy alikuja na mtoto mgongoni, akalia, akafua nguo zote za nyumba hata zilizokuwa safi. Hesbon aliuza ndama jike, akaenda na pesa hizo moja kwa moja kulipia bima, kabla hajajua kama itahitajika. Kutoka kwa Jentrix hakukutoka neno. Hakupiga simu, hakutuma mtu. Phelista alimuuliza Ivy, na Ivy akasema, "Hanisemeshi vibaya, Mama. Hanisemeshi tu."

Siku ya kumi na tano Jelagat alimsomea karatasi. Ilikuwa saratani. Ilikuwa bado ndogo, na haikuwa imeenea mpaka kwapani. Ingekatwa, kisha dawa ingefuata, na Jelagat alisema kwa maneno ambayo Phelista alimfanya ayarudie mara mbili kwamba watu wengi wanaofika wakati huu hupona.

Phelista hakurudi nyumbani. Alishukia Bungoma, akiwa na jogoo aliyemnunua njiani, kwa maana huwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu. Kwenda bila kutangaza kulikuwa kosa jingine, lakini alikuwa amechoka kungojea neno lifike kabla yake.

Jentrix alimfungulia mwenyewe. Alimpokea jogoo, akamkabidhi msichana wa kazi, akamwonyesha kiti. Sebule ilikuwa na picha ya marehemu mumewe na vyeti vilivyowekwa kwenye fremu.

"Mama Ivy."

"Mama Bramwel. Sitakaa sana." Phelista aliweka bahasha mapajani. "Ulipotuma wazee kuuliza damu yetu, walijibiwa hakuna. Mume wangu hakujua. Mimi nilijua nikanyamaza. Mama yangu alikufa na saratani ya titi, na sasa ninayo mimi. Bramwel hakukuambia kwa sababu nilimkataza. Kama kuna mtu wa kulaumiwa ni mimi, si Ivy. Mtoto hakudanganya mtu."

Alikuwa amelipanga neno lile njia nzima kutoka Kitale. Lilipokwisha hakuwa na jingine.

Jentrix aliinuka, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akamtuma yule msichana dukani kununua sukari. Alingoja mpaka geti la nje likafungwa. Kisha akafunga mlango wa sebule kwa ufunguo, na Phelista akashikilia kiti kwa mikono miwili, akingoja kusomewa hukumu.

"Huyo muuguzi wa Kitale," Jentrix alisema, akiwa bado anautazama mlango. "Ni mwanamke kweli?"

"Ni mwanamke."

"Na anafanya kazi pamoja na Bramwel?"

"Hapana. Bramwel kazi yake iko hapa Bungoma, yeye yuko Kitale."

"Faili yangu hataiona?"

Phelista hakuelewa. Halafu akaelewa. Jentrix aligeuka. Uso wake ulikuwa uleule wa kusahihisha mitihani, lakini vidole vilikuwa vinahangaika na kifungo cha juu cha sweta na havikukiweza.

"Mimi ni mama yake," alisema. "Kila hospitali ya mji huu wananijua kama mama wa daktari. Nitamwonyesha nani? Nilipotuma wale wazee kwenu, sikuwa nauliza tu juu yenu. Nilitaka kusikia kama watu wengine pia wanayo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nane, mwaka ule wa posa."

Phelista aliweka bahasha yake mezani. Alisugua viganja vyake vipate joto, akamfungulia Jentrix kifungo kile, na kile cha pili. Vidole vitatu, kutoka nje kuja ndani. Hakulazimika kutafuta sana.

"Niambie si kitu," Jentrix alisema.

"Siwezi kukuambia hivyo."

Jentrix alifumba macho. Nje, geti lililia. Msichana alikuwa amerudi na sukari. Phelista alifunga vifungo vyote viwili, akavinyoosha, kisha akatoa simu kwenye begi la bluu na kumpigia Jelagat. Alimwambia kesho asubuhi atakuja na mama mmoja, na kwamba jina lake atalitaja mwenyewe akifika.

"Saa kumi na mbili nitakuwa hapa getini," alimwambia Jentrix. "Uvae blauzi inayofunguka mbele."